Rufus, Etcher, Ventoy au dd: ni njia ipi ya kutengeneza flashi ya Linux inayokufaa?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi hapa Lubumbashi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na vilevile na wenye maduka ya kuchapa na fotokopi katika komuni zetu za Kenya na Katuba, si tena "Linux ni nini?" bali "Niiweke vipi katika mashine yangu?" Sababu yake inaeleweka. Kompyuta nyingi zinazotufikia zimekwisha kutumika miaka kadhaa kwingine, na zile za zamani hazina chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai, ilhali bado zina nguvu ya kutosha kuendesha Linux Mint au Debian bila shida. Kazi yote huanza na flashi, au kle kama wengi wetu tunavyoiita kwa kufuata Kifaransa: unaandika faili la ISO la Linux, yaani faili moja lenye mfumo mzima, juu ya flashi, unaiwasha kompyuta kwa kupitia flashi hiyo badala ya diski yake ya ndani, kisha unasakinisha mfumo.

Hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu kila wanayemwuliza anawapa jina lingine. Mmoja anasema Rufus, mwingine Etcher, wa tatu anaapa kwamba baada ya Ventoy hakuna haja ya kitu kingine, na wa nne anaandika amri ya dd kwenye karatasi na kuondoka. Nimezitumia zote nne kwa miaka kadhaa, na zote hufanya kazi. Ila hazifanyi kazi sawa kwa kila mtu, wala mahali petu si sawa na mahali ambapo intaneti haikatiki na umeme upo usiku na mchana. Kwa hiyo kabla ya kuzilinganisha, nitaeleza nazipima kwa vigezo gani.

Vigezo

Cha kwanza ni kompyuta unayoanzia, yaani ile utakayoitumia kutengenezea flashi, kwa kuwa baadhi ya programu hizi hukubali Windows peke yake. Cha pili ni mega zitakazoteketea, maana kwetu kila mega hulipiwa na mara nyingi huisha kabla faili halijakamilika. Cha tatu ni hatari ya kufuta kazi ya mtu kwa bahati mbaya. Cha nne ni uhakika kwamba kilichoandikwa juu ya flashi ni kizima, pamoja na kinachotokea umeme unapokatika katikati ya kazi. Cha tano ni mashine itakayopokea Linux, kama ni ya zamani yenye BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, au ya karibuni yenye UEFI, mrithi wa BIOS, na Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha kisicho na saini inayotambuliwa. Cha sita ni flashi yenyewe baada ya kazi: je, itabaki na faida nyingine, au itakaa mezani ikingoja kufomatiwa upya?

Sikuweka bei ya programu kuwa kigezo, kwa kuwa zote nne ni za bure na msimbo wake uko wazi. Wala sikuweka kasi, kwa kuwa kasi huamuliwa hasa na flashi. Flashi ya kawaida ya USB 2.0 inayoandika MB 6 kwa sekunde itachukua dakika 8 hivi kwa faili la GB 3, programu yoyote utakayoichagua.

Zenyewe kwa ufupi

Rufus iliandikwa na Pete Batard na ilitoka mwaka 2011. Ni programu ndogo ya Windows isiyohitaji kusakinishwa. Etcher, ambayo leo jina lake kamili ni balenaEtcher, inatoka katika kampuni iliyoitwa Resin.io hadi ilipobadili jina kuwa balena mwaka 2018. Ventoy ndiyo changa kuliko zote: ilitoka mwaka 2020, na mtengenezaji wake hutumia jina la longpanda. Amri ya dd, kinyume chake, imekuwapo tangu miaka ya 1970 katika mifumo ya Unix, nayo hukutwa katika kila Linux na kila Mac bila kupakua chochote.

Tofauti kubwa ya utendaji iko hapa. Etcher na dd hunakili ISO juu ya flashi nzima, baiti kwa baiti, jinsi ilivyo. Rufus kwa kawaida hufungua ISO, huifomati flashi, kisha hunakili mafaili yaliyomo na kuongeza kinachohitajika ili flashi iweze kuwashia kompyuta, ingawa inaweza pia kuandika moja kwa moja kama dd ukiiambia. Ventoy haiandiki ISO hata kidogo: huweka juu ya flashi kipakizi chake, yaani programu ndogo ya kuwashia mfumo, mara moja tu, na baada ya hapo wewe unanakili mafaili ya ISO kama unavyonakili nyimbo au picha. Ukiwasha kompyuta, unaona orodha ya ISO zako na unachagua moja. Tofauti hii moja ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kitakachofuata.

Kompyuta unayoanzia

Mwenye Windows ana uhuru wa kuchagua Rufus, Etcher au Ventoy. Hata hivyo atazame Windows yake ni ya namba gani. Rufus kuanzia toleo la 4.0 haikubali tena Windows 7. Anayetumia Windows 7, na bado nakutana na mashine za namna hiyo katika maduka ya kuchapa, achukue toleo la 3.22, ambalo linapatikana kwenye ukurasa wa matoleo ya zamani. Matoleo ya sasa ya Etcher nayo yanadai Windows 10 au ya juu zaidi.

Aliyeko tayari ndani ya Linux hana Rufus, lakini ana dd, ana Etcher, na ana Ventoy kupitia skripti inayoitwa Ventoy2Disk.sh au dirisha lake la kubofya. Mwenye Mac atabaki na Etcher na dd, kwa kuwa Rufus na Ventoy hazina toleo la kusakinishia flashi kutoka kwenye Mac.

Lugha nayo ina uzito wake kwetu. Rufus hufuata lugha ya Windows, hivyo kwenye mashine yenye Windows ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa mjini, vitufe na maonyo yake husomeka kwa Kifaransa tangu mwanzo. Mtu anayesoma onyo katika lugha anayoielewa hufanya makosa machache zaidi, na hilo silichukulii kuwa jambo dogo.

Mega

Hapa tofauti ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Rufus haifiki MB 2. Ventoy ni MB kumi na kadhaa. Etcher inapita MB 100, kwa kuwa imejengwa juu ya kivinjari kizima kilichofichwa ndani yake. Amri ya dd ni sifuri. Kwa anayenunua mega za siku, MB 100 za Etcher ni sehemu ya fedha ambayo ingeweza kusaidia kupakua ISO yenyewe. Rufus nayo ina jambo moja la kujiandaa nalo: mara nyingine, toleo la kipakizi kilichomo ndani ya ISO linapotofautiana na lile ililo nalo, huomba kupakua faili dogo la nyongeza, na kama huna intaneti wakati huo, kazi haiendi vizuri. Kwa hiyo usizime muunganisho mpaka uone kwamba imeanza kuandika.

Lakini mega nyingi zaidi humezwa na ISO. Linux Mint 22 yenye Cinnamon ni karibu GB 3. Ubuntu 24.04 ya mezani ni karibu GB 6. ISO ndogo ya Debian inayosakinisha kwa kupitia mtandao haifiki GB 1, na wengi huvutiwa nayo kwa sababu hiyo, bila kukumbuka kwamba itapakua sehemu iliyobaki wakati wa kusakinisha, tena upya kwa kila mashine. Ukiwa na mashine 3 za kusakinisha, ISO kubwa iliyokamilika ndiyo inayookoa mega.

Pakua kwa torenti pale inapowezekana. Ubuntu, Debian na Linux Mint zote hutoa mafaili ya torenti. Torenti ikikatika huendelea ilipoishia, na kila kipande hukaguliwa kinapofika. Ukipakua kwa kivinjari na mtandao ukakatika GB 2 zikiwa zimeshaingia, mara nyingi unarudi mwanzo, na hasara hiyo inauma. Katika Linux, amri ya wget yenye alama ya -c pia huendelea ilipoishia.

Hatari ya kufuta kazi ya mtu

Hiki ndicho kigezo ninachokiweka juu ya vingine vyote ninapomshauri mtu, na ninayo sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitengeneza flashi kwa dd katika kompyuta ya rafiki. Kwenye mashine yangu flashi siku zote ilikuwa /dev/sdb, na mkono wangu uliandika hivyo kwa mazoea. Kwenye mashine yake sdb ilikuwa diski ya nje, na ndani yake mlikuwa na TFC yake, yaani kazi yake ya kumalizia masomo, ambayo alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuiwasilisha. Sura mbili tuliziandika upya kutoka kwenye karatasi alizokuwa amempelekea mwalimu wake, na nyingine hazikurudi kabisa. Amri ya dd haikuuliza neno, wala haijaundwa iulize: inaandika pale ulipoiambia, na inapomaliza, kilichokuwapo kimekwisha.

Kwa hiyo anayeichagua dd katika Linux asiandike herufi yoyote kabla ya kufanya mambo mawili. Aandike lsblk, amri inayoorodhesha diski, flashi ikiwa haijachomekwa, kisha aichomeke na kuandika lsblk tena. Kile kilichoongezeka, chenye ukubwa unaolingana na flashi yake, ndicho anachokitafuta. Halafu aondoe kila diski ya nje isiyohitajika. Ndipo aandike:

sudo dd if=linuxmint.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

ambapo X ni herufi aliyoihakikisha, na linuxmint.iso ni jina la faili lake. Angalia kwamba hakuna namba baada ya herufi hiyo, kwa kuwa sdb1 ni patisheni, yaani kipande kimoja tu cha flashi, na tunachokitaka ni flashi nzima. Maneno conv=fsync hayafai kuachwa: yanailazimisha kompyuta imalize kuandika kweli kabla ya kukwambia kwamba imemaliza. Ukifanya kazi hii ndani ya Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi nyingine, weka kwanza kibodi ya Kifaransa katika mipangilio, la sivyo vitufe vya AZERTY vitakuandikia a badala ya q, na alama za mkwaju na sawasawa hutaziona mahali pake. Amri inayofuta diski si mahali pa kubahatisha kitufe.

Rufus iko mbali na hatari hiyo. Huonyesha flashi tu, na diski za nje huzificha mpaka wewe mwenyewe uombe zionekane. Ventoy katika Windows huonyesha vifaa vya USB tu, ila diski za nje za USB nazo zinaweza kuonekana, na kabla ya kufuta inakuuliza mara mbili. Etcher huficha diski ambazo mfumo unazitumia na hutoa onyo unapochagua kitu kikubwa kupita kiasi, ila diski ya nje bado inaonekana katika orodha, hivyo onyo hilo lisomwe, lisipitwe. Katika zote tatu, flashi yenyewe itafutwa mwanzoni. Hamisha picha na makaratasi yako kabla.

Uhakika, na umeme unapokatika

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ISO iliyopakuliwa kuwa nzima, na flashi iliyoandikwa kuwa nzima. La kwanza halitegemei programu hizi. Kila toleo la Linux huchapisha namba ya uhakiki ya SHA256, na wewe unaikokotoa yako: katika Windows kwa certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, katika Linux kwa sha256sum. Namba mbili zikitofautiana hata kwa herufi moja, usiendelee. Rufus ina kitufe kinachokokotoa namba hiyo, na hilo huwarahisishia wanaoogopa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Katika la pili, Etcher ndiyo inayoongoza kwa uwazi. Baada ya kuandika husoma flashi upya na kulinganisha na ISO, bila wewe kuomba. Hilo huongeza dakika kadhaa, lakini kwa anayetengeneza flashi ya kwanza maishani mwake, neno la mwisho linalosema kwamba yote ni sawa lina thamani. Rufus haifanyi ulinganisho wa namna hiyo baada ya kuandika, ingawa inaweza kuipima flashi kabla, ikitafuta sehemu mbovu. Kwa dd utafanya mwenyewe kwa amri ya cmp. Ventoy, kwa kuwa ni kunakili faili tu, hukuwezesha kukokotoa namba ya uhakiki ya ISO iliyoko juu ya flashi, hata kwenye orodha yake ya kuwashia.

Flashi za uongo zastahili neno la pekee, maana masoko yetu yana nyingi: zimeandikwa GB 64 au hata zaidi, na ndani mna GB 8. Flashi kama hiyo hupokea kila kitu bila kulalamika, na kosa hutokea baadaye. Ukaguzi wa Etcher utaigundua pale tu ISO inapopita nafasi ya kweli. Kipimo cha sehemu mbovu cha Rufus huigundua, kwa gharama ya muda mrefu. Ventoy huweka patisheni yake ya pili, ya MB 32, mwishoni kabisa mwa flashi, na mwisho huo usipokuwapo kwa kweli, usakinishaji wenyewe hukwama. Ikiwa Ventoy inakataa flashi mpya uliyoinunua jana, usiilaumu haraka. Ijaribu flashi kwanza kwa H2testw katika Windows au F3 katika Linux.

Umeme ukikatika, anayetumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzuri hapotezi kitu. Ila betri za mashine zilizotumika tunazijua, na kompyuta ya mezani haina chochote. Kwa Rufus, Etcher na dd, kukatika katikati kunamaanisha kuanza upya, basi. Flashi haiharibiki, na ISO iliyoko kwenye diski haijaguswa. Kwa Ventoy, ISO iliyokuwa ikinakiliwa itakuwa pungufu na itabidi uinakili tena, na zile zilizokuwapo mara nyingi husalimika. Nasema mara nyingi kwa sababu mfumo wa mafaili wa exFAT unaotumiwa na Ventoy hauna kumbukumbu ya kujirekebishia kama mifumo ya Linux, kwa hiyo baada ya tukio kama hilo ni busara kukagua namba za ISO zote.

Mashine itakayopokea

Kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2012 hivi kwa kawaida ina BIOS. Za baadaye zina UEFI. Etcher na dd hazikuulizi kuhusu hilo, kwa kuwa ISO za Linux zinazojulikana zimetayarishwa kuwaka pande zote mbili, na flashi inakuwa jinsi watengenezaji wa Linux hiyo walivyokusudia. Huo ni ubora wa kweli: kama kitu hakiwaki, unajua kosa si la programu iliyoandika.

Rufus hukupa uchaguzi wa MBR au GPT, namna mbili za kupanga patisheni za flashi. Wengi huogopa hapo. Ukichagua MBR na mfumo lengwa wa BIOS au UEFI, flashi ya Linux itawaka kwa mashine nyingi. GPT iachie mashine za UEFI peke yake. Ikikuuliza uandike kwa namna ya ISO au ya DD, chukua ISO, na urudie kwa DD ikiwa mashine imegoma. Uwezo huo wa kujaribu njia mbili umeniokoa kwenye kompyuta kadhaa za zamani zenye tabia ngumu.

Ventoy huwaka kwenye BIOS na UEFI, lakini kwenye mashine yenye Secure Boot itakuonyesha skrini ya buluu mara ya kwanza, ikitaka usajili ufunguo wake. Hufanywa mara moja kwa kila mashine. Mwenye kompyuta akiwa amesimama nyuma yako, skrini hiyo humtia hofu, hivyo mweleze mapema. Ubuntu, Debian na Fedora zilizoandikwa kwa njia nyingine tatu hupita Secure Boot bila hatua hiyo, kwa kuwa zina saini inayotambuliwa. Tena ziko ISO chache zinazokataa kuwaka kupitia Ventoy. Jaribu namna yake ya pili ya kuwasha, ya GRUB2, na ikishindikana, andika ISO hiyo peke yake kwa Etcher au dd.

Vitufe vya kuchagulia flashi havitegemei programu: F12 kwa Dell na ThinkPad za Lenovo, F9 kwa HP, Esc kwa kompyuta nyingi za mkononi za Asus. Bonyeza mara kadhaa tangu unapowasha, usingoje nembo ipite.

Flashi baada ya kazi

Hapa Ventoy inajitenga. Flashi yake inabaki flashi: unaweza kuweka ndani yake ISO 5, makaratasi ya chuo na mafaili ya kuchapisha, na kuitumia kila siku. Toleo jipya la Linux likitoka, unafuta ISO ya zamani na kunakili mpya. Ventoy yenyewe inaweza kusasishwa bila kugusa mafaili yako. Kwa anayezunguka Kamalondo na Ruashi akisakinishia watu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kubeba flashi 1 na kubeba 4. Jambo la kupima upande wa pili ni hili: hazina ya msimbo wa Ventoy ina mafaili yaliyokwisha kuundwa tayari ambayo si rahisi kwa mtu wa nje kuyakagua, na baadhi ya wataalamu wa usalama wameuliza maswali juu yake. Kwa mashine ya nyumbani silioni kuwa kizuizi. Kwa mashine ya benki au ya zahanati yenye siri za wagonjwa, ningechukua njia iliyo wazi zaidi.

Flashi iliyoandikwa na Etcher au dd huwashtua watu, kwa sababu wakiirudisha kwenye Windows, Windows huonyesha nafasi ndogo ya ajabu au huomba kuifomati. Flashi haijafa. Ifungue kwa Rufus, chagua isiyo ya kuwashia, ifomati, na GB zake zote zitarudi. Flashi ya Rufus kwa namna ya ISO husomeka kama kawaida.

Rufus ina jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wasio na kompyuta yao walijue: kwa Ubuntu na Debian inaweza kutenga sehemu ya flashi ya kuhifadhia kazi, ili mtu awashe kompyuta yoyote kwa Linux yake, aandike, azime, na kesho akute kazi yake ipo. Ventoy inaweza pia, kwa kuunda faili maalumu na mpangilio wa kuandika kwa mkono, kwa hiyo haimfai anayeanza. Etcher na dd hazitoi nafasi hiyo.

Kwa hali yako

Ikiwa una Windows, mega chache, na mashine moja tu ya kubadilisha, Rufus inakutosha, hasa mashine hiyo ikiwa ya zamani au Windows yako ikiwa ya Kifaransa. Ichukue pia ikiwa unataka flashi ya kuhifadhia kazi.

Ikiwa hujawahi kufanya kazi hii, una Wi-Fi ya chuo au ya ofisini ambayo hulipii kwa mega, na unataka hatua 3 bila maswali, Etcher itakupa utulivu, na ukaguzi wake wa mwisho utakuondolea wasiwasi. Mwenye Mac asiyependa terminali naye aanzie hapo.

Ikiwa watu wanakuita kila wiki, leo Mint, kesho Ubuntu, kesho kutwa Windows iliyoharibika, nunua flashi ya kweli ya GB 32 au zaidi na uisakinishie Ventoy. Beba pembeni flashi ndogo ya GB 8 kwa ajili ya ISO zitakazogoma.

Ikiwa uko tayari ndani ya Linux, huna mega hata moja, na una desturi ya kusoma kila herufi kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, dd haina gharama yoyote. Ikiwa una haraka, au umechoka, au kompyuta si yako, tumia dirisha la kubofya. Linux Mint ina chombo chake cha kuandikia ISO, na GNOME ina programu yake ya diski yenye uwezo huohuo.

Na ikiwa kompyuta pekee uliyo nayo ndiyo iliyokufa, wala jirani hana nyingine, simu ya Android inaweza kukusaidia: programu ya bure inayoitwa EtchDroid huandika ISO ya Linux juu ya flashi iliyounganishwa kwa waya wa OTG. Chaji simu ijae kwanza, na uiache mezani bila kuigusa mpaka imalize.